Kabla ya kupiga Windows upya, pimeni joto la kadi ya grafiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie ugonjwa mmoja wa kompyuta za gemu unaowamalizia watu fedha bila sababu. Kijana anacheza dakika kumi na tano au ishirini, picha inaganda, skrini inakuwa nyeusi, gemu inamtupa nje au mashine nzima inazima. Anaipeleka kwa fundi. Fundi anapiga Windows upya, anachukua chake. Jioni ile ile tatizo limerudi. Anaambiwa RAM ni mbovu, ananunua RAM. Wiki ya pili anaambiwa kadi ya grafiki, ile inayotengeneza picha za gemu, imekufa, anaiuza kwa bei ya chuma chakavu na kuanza kuhangaika na nyingine. Mara kwa mara kadi ile haikuwa imekufa hata kidogo. Ilikuwa imezidiwa na joto, na dawa yake ilikuwa brashi, saa moja ya kazi na pesti ya joto kidogo, ile inayopakwa juu ya chipu ili kupitisha joto lake.

Ninachoomba ni hiki: mtu asilipie Windows, RAM wala kadi mpya kabla hajaonyeshwa namba tatu. Ya kwanza ni joto la chipu ya kadi, ya pili ni joto la sehemu ya chipu iliyo moto kuliko zote, ya tatu ni joto la chumba. Zote hupatikana ndani ya nusu saa, na programu ya kuzisoma ni ya bure.

Kwanza tuelewane dalili, kwa sababu si kila gemu inayozima inazimwa na joto. Joto hufuata saa. Mashine ikiwashwa asubuhi ikiwa baridi, gemu inakwenda vizuri, na tatizo huja baada ya dakika kumi, kumi na tano, ishirini. Ukiiwasha tena hapo hapo, safari hii inazima mapema zaidi, pengine dakika ya tatu, maana vyuma bado vina moto. Ukiiacha ipumzike saa moja, inarudia muda wake wa mwanzo. Usiku wa manane inavumilia zaidi kuliko saa nane mchana. Ukiona mpangilio huo, anza na joto. Lakini kama gemu inakufa kila mara mahali pale pale, mathalani kila unapoingia mlango fulani, tafuta kosa kwenye mafaili ya gemu au kwenye draiva, yaani programu inayoendesha kadi. Na kama haifunguki kabisa tangu kubonyezwa, kadi haijapata hata nafasi ya kuchemka.

Namna inavyozima nayo inasema kitu. Chipu ikipata moto kupita kiwango ilichowekewa, kwanza hupunguza kasi yake yenyewe. Mchezaji anaona fremu (picha kwa sekunde) zikishuka kutoka 60 hadi 25, halafu zinapanda, halafu zinashuka. Hapo bado kadi inajilinda. Moto ukiendelea, hasa kwenye memori ya kadi, kadi huanza kukosea hesabu au hushindwa kujibu. Windows, tangu enzi za Vista, huipa kadi sekunde 2 ijibu. Isipojibu, Windows huiwasha upya draiva yake: skrini inakuwa nyeusi kwa kitambo, kisha unajikuta nje ya gemu. Draiva isipoamka, unapata skrini ya bluu yenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE. Kuna hali nyingine ambapo skrini inakufa, sauti ya gemu inaendelea kwa sekunde kadhaa, na feni za kadi zinanguruma kwa kasi yote. Hapo kadi yenyewe imejitoa kazini.

Ushahidi wa haya yote umo ndani ya mashine. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, fungua Windows Logs, kisha System. Tafuta saa ile ile tatizo lilipotokea. Ukikuta Display namba 4101, ni draiva ya kadi iliyoacha kujibu ikaamshwa. Ukikuta Kernel-Power namba 41 peke yake, maana yake mashine ilizimika bila kuaga, na hapo mshitakiwa anaweza kuwa pawa saplai au umeme wa ukutani, nitaeleza mbele. Wapo wanaoshauri kuongeza zile sekunde 2 ziwe 8 au 10 ndani ya rejista ya Windows. Siungi mkono hata kidogo. Kufanya hivyo ni kumwambia mlinzi asipige kelele, na moto uko pale pale.

Sasa kipimo. Pakua programu ya HWiNFO64, ifungue upande wa vipimo tu, shuka hadi sehemu ya kadi ya grafiki. Mstari wa kwanza wa kutazama ni GPU Temperature (GPU ni chipu ya grafiki), wa pili ni GPU Hot Spot Temperature, na kwa kadi za kampuni ya NVIDIA zenye memori ya aina ya GDDR6X, kama RTX 3080, 3070 Ti na 3090, kuna wa tatu uitwao GPU Memory Junction Temperature. Kwenye kadi za kampuni ya AMD sehemu ya moto zaidi huitwa Junction. Washa kitufe cha kuandika kumbukumbu kwenye faili, cheza gemu ile inayosumbua kwa dakika 30 au mpaka izime, kisha fungua faili uangalie mistari ya mwisho kabla ya kuzima. Faili ni muhimu kuliko macho, kwa sababu tukio lenyewe ni la sekunde moja na wakati huo mchezaji anatazama adui. GPU-Z nayo inafaa, tena kwa kadi za NVIDIA ina mstari uitwao PerfCap Reason unaoeleza kwa nini kadi imepunguza kasi: ukisoma Thrm ni joto, ukisoma Pwr ni ukomo wa umeme, na hilo la pili ni jambo la kawaida lisilotisha.

Mwenye kadi ya NVIDIA anaweza kuiuliza kadi yenyewe mipaka yake. Fungua dirisha la amri, andika nvidia-smi -q -d TEMPERATURE. Kadi nyingi zitakujibu kwa nyuzi gani zinapunguza kasi na kwa nyuzi gani zinajizima. Kadi nyingi za NVIDIA za vizazi vya karibuni hulenga kukaa nyuzi 83, na kikomo cha juu hutofautiana: GTX 1060 imeandikiwa 94, RTX 3060 imeandikiwa 93, RTX 2060 ni 88. Kwa AMD za RX 5700 XT na mfululizo wa RX 6000, sehemu ya moto zaidi inaruhusiwa hadi nyuzi 110. Memori ya GDDR6X nayo ikifika 110 kadi hujibana.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Mtu anatazama mstari wa kwanza, anaona 76, anasema joto si tatizo. Lakini mstari wa pili unasoma 106. Tofauti kati ya wastani wa chipu na sehemu yake ya moto zaidi kwa kawaida huwa nyuzi 10 hadi 15 kwenye NVIDIA, na AMD inaweza kuzidi hapo kidogo. Ikifika 25 au 30, pesti imekauka au hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachopoza chipu, haikukaa sawa juu yake, na kona moja inaungua huku nyingine zimepoa. Vivyo hivyo kwa memori: chipu inaweza kusoma 70 wakati memori iko 108 kwa sababu pedi zake, vile vipande laini vinavyopeleka joto lake kwenye hitisinki, zimekuwa ngumu kama biskuti. Kipimo cha mstari mmoja ni nusu ya kipimo.

Namba ya tatu, joto la chumba, watu huidharau, na kwa pwani yetu ndiyo inayoeleza mengi. Kadi inayopozwa kwa feni haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayovuta. Chumba kikipanda nyuzi 10, kadi nayo hupanda karibu nyuzi 10. Majaribio ya kadi unayoyasoma kutoka Ulaya na Marekani kwa kawaida hufanywa kwenye chumba cha nyuzi 21 hadi 25. Kadi iliyosoma 72 kule, ukiileta Dar es Salaam mwezi wa Februari kwenye chumba cha nyuzi 32, itakusomea karibu 80 au zaidi kabla vumbi halijaingia. Haina kasoro yoyote, ila haina tena nafasi ya kupumulia. Nairobi hewa ni ya baridi zaidi, lakini katika mwinuko wa karibu mita 1,700 hewa ni nyepesi, na feni ile ile kwa kasi ile ile hubeba joto dogo kuliko ingebeba Mombasa. Kwa hiyo hata wa bara wasijione wameepuka.

Wenye vibanda vya gemu hesabu hii inawahusu zaidi. Mashine kumi, kila moja ikila wati 300, zinamwaga wati 3,000 za joto ndani ya chumba kimoja, sawa na pasi tatu za umeme za wati 1,000 zilizoachwa zinawaka. Kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa kama wati 3,500. Ongeza wachezaji kumi wa miili yenye joto, kila mmoja kama wati 100, kiyoyozi kimeshafika mwisho wa uwezo wake kabla jua halijapiga bati. Na kama hakuna kiyoyozi bali pangaboi, hewa inazungushwa tu, haitolewi. Feni ya kutolea hewa nje, juu ukutani, na tundu la kuingizia hewa chini upande wa pili, litawapa mengi kuliko kununua kadi mpya kila msimu.

Ukishapata namba, fanya jaribio moja rahisi. Fungua ubao wa pembeni wa kasha, weka feni ya mezani nje ikipuliza ndani, cheza tena dakika 30. Joto likishuka nyuzi 8 au zaidi na gemu isizime, kadi yako ni nzima na kasha ndilo linaloisonga. Angalia feni za mbele zinavuta ndani na ya nyuma inatoa nje. Si mara moja utakuta zote zinatoa, au ya mbele imefungwa kinyume. Upande wa feni wenye nguzo zinazoshika mota ndio upande hewa inakotokea. Makasha ya kioo mbele yasiyo na matundu ni mazuri kwa macho na mabaya kwa hali ya hewa yetu. Joto lisiposhuka kwa jaribio hilo, tatizo limo ndani ya kadi.

Niweke neno kwa wanaochomeka kadi kwenye kompyuta ndogo za ofisini zilizotumika, kama Dell OptiPlex za kasha jembamba, ambazo zimejaa madukani. Kadi fupi kama GTX 1050 Ti ya wati 75 inaingia, kweli, na haihitaji waya wa ziada. Lakini feni yake hubaki imekodolea ukuta wa kasha au pawa saplai kwa umbali mdogo sana, na pawa saplai yenyewe ni ya wati 240 au 255. Kasha hilo likiwekwa ndani ya kabati la televisheni, hakuna pesti itakayoliokoa. Liweke juu ya meza, limesimama, kuta zake zikiwa na sentimita 10 za wazi pande zote.

Kusafisha. Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi. Ondoa skrubu za kadi, bonyeza kile kikufuli cha plastiki mwishoni mwa mdomo wa ubao mama kadi ilipochomekwa, kisha vuta kadi wima. Wanaosahau kikufuli huvunja mdomo. Toka nje na kadi. Ishike kila feni kwa kidole unapopuliza kwa blowa, kwani feni ikizungushwa kwa upepo mkali huzidi kasi iliyotengenezewa, beringi huumia, na mota yake hugeuka jenereta inayorudisha umeme kwenye kadi. Blowa ya seremala ya kasi kubwa iwekwe mbali, kama nusu mita. Vumbi la juu ya feni si kitu. Linaloua ni lile lisiloonekana, lililo kati ya feni na mapezi ya hitisinki: linajisuka na nyuzi za nguo na nywele mpaka linakuwa kama pazia la zulia. Ukifungua plastiki ya feni, mara nyingine unalibandua lote kwa mkono, kipande kimoja. Karibu na bahari vumbi hilo hushika unyevu na chumvi, na mapezi ya alumini huota unga mweupe. Usikwangue kwa bisibisi. Tumia brashi laini ya rangi na spiriti.

Feni nazo zikaguliwe. Kadi nyingi za siku hizi husimamisha feni zikiwa chini ya nyuzi 50 au 60, kwa hiyo kuona feni imesimama ukiwa umefungua Windows tu si kasoro. Kasoro ni moja kusimama wakati wenzake wanazunguka, au kutetemeka na kukwaruza. Feni ya kadi hununuliwa peke yake kwa namba iliyoandikwa kwenye kibandiko chake cha katikati, kwa hiyo soma namba hiyo kabla ya kwenda dukani.

Sasa pesti na pedi, sehemu inayoharibiwa zaidi na mikono yenye haraka. Kabla ya kufungua, cheza gemu dakika tano ili pesti ya zamani ilainike, halafu zima na uchomoe. Nyuma ya kadi, skrubu nne zenye springi zinazozunguka chipu ndizo zinazoishika hitisinki. Zilegeze kwa mshazari, nusu mzunguko kila moja, na uziweke kwenye karatasi uliyochora umbo la kadi. Hitisinki ikigoma, isokote taratibu kushoto na kulia, usiingize bisibisi kuinua. Kabla hujaivuta mbali, tazama waya wa feni: shika plagi yake, si nyaya. Hapo hapo piga picha ya kila pedi ilipokaa.

Futa pesti ya zamani kwa karatasi isiyoacha nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu. Ile ya duka la dawa ya asilimia 70 ina maji mengi; ukiikosa nyingine, itumie lakini acha kadi ikauke vizuri. Chipu ya kadi ya grafiki haina kofia ya chuma kama prosesa, ni silikoni tupu inayong'aa kama kioo. Kwa hiyo ile desturi ya kutia tone dogo katikati haifai hapa. Kona ikibaki bila pesti, kona hiyo inaungua. Tia kiasi cha punje ya haragwe dogo, sambaza kwa kipande cha plastiki mpaka chipu yote ifunikwe kwa utando mwembamba usioonyesha kioo chini. Pesti isiyopitisha umeme, kama Arctic MX-4, ikimwagika kidogo pembeni haidhuru. Bomba la gramu 4 linatosha kadi kadhaa. Na tafadhali, dawa ya meno si pesti ya joto. Inapoza siku chache kwa sababu ina maji. Maji yakikauka inabaki chaki, na chipu inapata moto kuliko mwanzo.

Pedi ndizo zinazoamua kama kazi imefanikiwa. Zinauzwa kwa unene: nusu milimita, 1, 1.5, 2 na kuendelea, na kadi moja inaweza kuwa na unene wa aina mbili au tatu. Fundi asiyepima huweka 2 palipokuwa na 1.5. Ile nusu milimita inaiinua hitisinki, chipu inapoteza mguso, na kadi iliyoingia na nyuzi 85 inatoka na 100. Akiweka nyembamba, memori haiguswi kabisa, na hiyo hukufa kimyakimya. Pima pedi ya zamani kwa kaliba mahali ambapo haikubonyezwa, pembezoni. Ukiwa umeshafunga, fungua tena mara moja uangalie alama: kila chipu ya memori iwe imeacha mraba wake kwenye pedi, na pesti iwe imesambaa sawasawa. Kazi hiyo ya kufungua mara ya pili inachosha, tena unapaswa kutia pesti upya, lakini ndiyo inayomtofautisha fundi na mbahatishaji. Kaza skrubu za mshazari kidogo kidogo mpaka zisimame zenyewe. Usizilazimishe, chipu hupasuka kona. Kadi yenye waranti, iacheni irudi dukani ilikonunuliwa.

Ipo dawa isiyohitaji bisibisi, na ningependa watu waanze nayo kabla ya yote niliyosema kuhusu kufungua. Weka programu ya MSI Afterburner. Inakubali kadi za kampuni nyingine pia, si za MSI tu. Shusha Power Limit, yaani ukomo wa umeme, kutoka 100 hadi 75, bonyeza alama ya tiki. Kadi ya wati 170 kama RTX 3060 sasa inatumia kama 128, na wati 42 za joto zimeondoka, wakati fremu zinazopotea kwa kawaida hazifiki 10 katika kila 100. Anayetaka kwenda mbele abonyeze Ctrl na F, mchoro wa volti utafunguka. Ashushe mstari wote chini, kisha apandishe nukta moja tu, kwa mfano ile ya milivolti 875 hadi megahezi 1,800 kwa RTX 3060, na kubonyeza tiki. Mstari baada ya nukta hiyo utalala. Gemu ikizima sasa ilhali joto ni nyuzi 65, volti imekuwa ndogo mno, aongeze milivolti 25 na kujaribu tena. Mstari wa feni nao urekebishwe kwa hali ya hewa yetu: asilimia 60 kwenye nyuzi 65, asilimia 80 kwenye 75, yote 100 ikifika 83. Makelele ya feni ni nafuu kuliko chipu.

Na msiache fremu zikimbie ovyo. Skrini ya hezi 60 inaonyesha fremu 60 kwa sekunde. Kadi ikitengeneza 200, zile 140 zimegeuka joto tupu. Weka ukomo kwenye draiva. Jambo hili lina historia: mwaka 2010 gemu ya StarCraft II ilipotoka, kurasa zake za menyu hazikuwa na ukomo wa fremu, kadi zikawa zinachemka mchezaji akiwa amekaa tu anachagua ramani, na kampuni iliyoitengeneza, Blizzard, ikabidi itoe maelezo ya kuweka ukomo kwa mkono. Machi mwaka huo huo NVIDIA iliondoa draiva yake ya 196.75 kwa sababu ilivuruga mwendo wa feni. Kwa hiyo kama joto lilianza siku uliyobadilisha draiva, rudisha ya zamani kwanza.

Kwa wenye kompyuta mpakato: inueni nyuma sentimita tatu, msichezee juu ya godoro, na kwenye mipangilio ya umeme ya Windows shusheni prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Hilo huzima kasi ya ziada ya prosesa, na kwa kuwa prosesa na chipu ya grafiki mara nyingi hushirikiana mabomba ya kupoza, zote mbili hupoa.

Nilisema nitarudi kwenye pawa saplai. Mashine ikizima ghafla kama imekatiwa umeme, namba za joto zikiwa 65 au 70 kwenye mstari wa mwisho wa faili, acha kadi. Mdomo wa ubao mama hutoa wati 75, waya wa pini 6 hutoa 75, wa pini 8 hutoa 150. Kadi ya wati 320 kama RTX 3080 isilishwe kwa waya mmoja uliogawanywa vichwa viwili. Vuta nyaya mbili kutoka pawa saplai. Angalia pia kama plagi ina rangi ya kahawia au harufu ya plastiki iliyoungua. Umeme wa mtaani ukishuka sana jioni, pawa saplai ya bei rahisi huvuta mkondo mkubwa zaidi ili kufidia, huchemka, huachia. Kwa hilo dawa ni stebilaiza au UPS yenye uwezo unaotosha, si pesti.

Kuhusu kadi za mitumba. Tarehe 15 Septemba 2022 sarafu ya kidijitali ya Ethereum iliacha mfumo wa kuchimbwa kwa kadi, na kadi nyingi mno zilizokuwa zikifanya kazi usiku na mchana zikamwagwa sokoni. Kadi ya namna hiyo si lazima iwe mbovu, lakini feni zimechoka na pedi za memori zimetoa mafuta. Utayaona yaking'aa ubavuni mwa ubao. Usinunue kwa kuona picha imetokea kwenye skrini. Omba ipimwe dakika 20 dukani kwa programu ya kupimia kadi kama Unigine Heaven au Superposition, HWiNFO64 ikiwa wazi pembeni. Programu nyingine ya kupimia, FurMark, hubana kadi kuliko gemu yoyote, kwa hiyo iwe dakika chache tu. Ukiona miraba ya rangi, mistari au nyota zinazomweka hata kadi ikiwa baridi, memori imeshaumia, na kusafisha hakutaifufua. Wanaojitolea kuioka kadi ndani ya oveni waambieni hapana. Ikipona hupona wiki chache, na moshi wa solda na plastiki hautakiwi kwenye oveni ya chakula.

Kwa mafundi wenzangu nina ombi moja. Kwenye risiti ya kila kompyuta ya gemu, andikeni zile namba tatu kabla ya kazi na baada ya kazi, pamoja na jina la gemu na dakika mlizoipima. Mfano: chipu 84, sehemu ya moto 107, chumba 31, baada ya kazi chipu 71, sehemu ya moto 83, chumba 31. Na mteja asiyezikuta kwenye risiti, aziulize kabla hajatoa pochi.

Wako,
Fundi wa kompyuta,
Dar es Salaam